Uamsho Ulizaliwa Hospitalini: Tunachokosea Katika Mjadala wa Maombi ya Uponyaji

Tangu makaburi ya Shakahola, walikozikwa waumini walioelekezwa na mhubiri wao kufunga hadi kufa, yalipoanza kufukuliwa mwezi wa Aprili mwaka 2023 katika kaunti ya Kilifi, na miili zaidi ya 400 ikatolewa ardhini, mazungumzo ya Afrika Mashariki kuhusu uamsho wa kiroho na uponyaji wa mwili yamebaki katika mgawanyiko uleule. Wapo wanaoamini kwamba kila anayemwekea mgonjwa mikono ni tapeli anayesubiri kukamatwa, na wapo wanaoona kila swali la serikali kuwa ni vita dhidi ya Injili. Mwaka 2025, makaburi mengine yalipogunduliwa Kwa Binzaro katika kaunti hiyohiyo, maneno yaleyale yalirudiwa, na tiba iliyopendekezwa ikawa ileile, yaani kumdai mhubiri cheti cha theolojia. Rwanda ilitangulia kwa sheria ya mwaka 2018 iliyomtaka kiongozi wa kanisa awe na shahada ya masomo ya dini, kisha mwaka 2024 ikafunga nyumba za ibada zaidi ya 5,000 katika ukaguzi mmoja, nyingi kwa sababu za majengo, usalama na vibali. Nchini Kenya kikosi kazi cha kupitia sheria za mashirika ya dini, kilichoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi, kilikabidhi ripoti yake kwa Rais mwezi wa Julai 2024, na tangu hapo hoja ya elimu ya theolojia imekuwa ikirudi kila mara sheria ya makanisa inapojadiliwa.

Hoja yangu ni kwamba mjadala huu umeshika ncha isiyofaa. Unachukulia kuwa uamsho na hospitali ni maadui kwa asili yao, na kwamba kinachotenganisha maombi salama na maombi ya hatari ni kiwango cha elimu cha anayeomba. Historia ya uamsho katika eneo letu inakanusha yote mawili. Madhara huanza pale uponyaji unapong'olewa kutoka katika toba, katika ushirika wa waumini na katika ukweli unaoweza kukaguliwa na watu wengine, ukawekwa katika mkono wa mtu mmoja. Shakahola yenyewe haikuwa mkutano wa uponyaji. Ilikuwa ni watu walioelekezwa kuacha shule, kuacha hospitali, kuacha majirani, na mwishowe kuacha chakula. Kabla ya njaa kulikuwa na kutengwa, na hilo ndilo jambo ambalo sheria ya vyeti haigusi kabisa.

Tuanzie mahali uamsho wetu ulipoanzia. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe jijini Kampala, daktari kijana Mwingereza aitwaye Joe Church alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda ambaye hakuwa kasisi bali alikuwa amefanya kazi ya afya ya umma huko Buganda. Daktari huyo alikuwa amechoka mwili na roho. Alikuwa ametoka Gahini, mashariki mwa Rwanda, ambako misheni ya Kianglikana ilikuwa na hospitali changa katikati ya nchi iliyokumbwa na njaa kali. Watu hao wawili walikaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba, na kila mmoja akarudi kwake akiwa mtu mwingine. Lakini kilichofuata Gahini hakikuwa mfululizo wa vilema kutupa magongo. Yosiya Kinuka, mmoja wa wasaidizi wakuu wa hospitali hiyo, alikwenda Kampala na malalamiko juu ya hali mbaya ya kazini, na Nsibambi akamwambia kwamba chanzo cha matatizo yale kilikuwa dhambi ndani ya moyo wake mwenyewe. Kinuka alirudi akiwa ameokoka, na watumishi wa hospitali wakaanza kuona badiliko. Kufikia mkutano wa mwisho wa mwaka 1933 watu walikuwa wakisimama mmoja baada ya mwingine kuungama, na katika miaka iliyofuata moto huo ulivuka mipaka hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ukiwaacha nyuma yake walokole ambao hadi leo huitana ndugu.

Nasisitiza habari hii kwa sababu inaeleza uhusiano wa uamsho na mwili kwa namna ambayo mahubiri mengi ya leo yameisahau. Uamsho ule uliingia wodini kupitia dhamiri ya mtumishi. Mtu aliyekuwa akimdharau mgonjwa alitubu dharau yake. Aliyeiba alirudisha alichoiba, na waliogombana kwa miaka walikaa mkeka mmoja. Mzungu na Mwafrika waliungamiana makosa yao, jambo ambalo ukoloni haukulitarajia wala kulipenda. Anayejua jinsi hospitali inavyofanya kazi atatambua kwamba mambo hayo ni sehemu ya tiba. Dawa iliyoibwa stoo haimponyi mtu, na muuguzi mwenye kinyongo na mwenzake hamkabidhi mgonjwa vizuri zamu inapobadilika. Mgonjwa anayetukanwa leo kesho hatarudi kuchukua dozi yake. Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi na mmoja wa sauti kubwa za uamsho huo, alikufa kwa homa mwezi wa Januari 1936 akiwa bado kijana, na ndugu zake katika imani hawakuhitimisha kwamba imani yake ilikuwa pungufu. Waliuchukua wito wake, wakaendelea kuuhubiri.

Sitaki kuupaka uamsho huo rangi ya utakatifu usio na doa. Fundisho la kuungama lina hatari yake, nayo ni kubwa. Ni hatua fupi tu kutoka kusema kwamba dhambi huharibu afya ya jamii hadi kumwambia mama mwenye saratani ya matiti kwamba ameficha dhambi fulani. Hatua hiyo imechukuliwa mara nyingi mno katika makanisa yetu, na wagonjwa wamekufa wakiwa na mizigo miwili, wa ugonjwa na wa aibu. Yesu alipoulizwa juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, kama ni yeye aliyetenda dhambi au ni wazazi wake, alijibu kwamba si yeye wala si wazazi wake. Jibu hilo lingepaswa kufunga mlango, na mhubiri anayeufungua tena mbele ya kitanda cha mgonjwa hastahili kuitwa mtumishi wa uamsho.

Sasa tukipime cheti kwa mifano miwili ya Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Edmund John, Mwanglikana na ndugu yake Askofu Mkuu John Sepeku, alianza huduma ya maombezi iliyovuta umati mkubwa, kuanzia Dar es Salaam hadi mikoani. Hakuwa kasisi. Alihubiri toba kwanza, watu wakasalimisha hirizi zao, wagonjwa wakaombewa, na alipofariki mwaka 1975 hakuacha utajiri wala kikundi kilichojitenga na kanisa. Miaka 36 baadaye, mwaka 2011, dunia nzima ilisikia jina la kijiji cha Samunge huko Loliondo. Aliyekuwa akitoa kikombe cha dawa ya miti pale kwa shilingi 500 hakuwa mtu wa mitaani aliyejipachika cheo. Ambilikile Mwasapila alikuwa mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, mwenye mafunzo na mwenye kuwekewa mikono, na askofu wa dayosisi yake alimtetea hadharani. Kama kipimo chetu kingekuwa elimu ya theolojia na kutambuliwa na kanisa kongwe, Edmund John na Simeoni Nsibambi wangezuiwa, na kikombe cha Loliondo kingepita bila swali.

Wala sidhani Mchungaji Mwasapila, aliyefariki mwaka 2021, alikuwa na nia ya kumdhuru mtu. Bei yake ilikuwa ndogo, maisha yake hayakuwa ya anasa, na maelfu walimwona kuwa mzee mpole. Hili ndilo linaloifanya Loliondo kuwa somo gumu kuliko visa vya matapeli wa wazi. Kosa lilikuwa katika muundo wa fundisho lenyewe. Dawa iliyochemshwa kutoka mti wa mugariga ilisemekana kuponya virusi vya ukimwi, kisukari, saratani na shinikizo la damu kwa pamoja, na kwa mujibu wa ndoto yake ilifanya kazi tu ikitolewa kwa mkono wake. Papo hapo uponyaji ukawa na mlango mmoja na mlinzi mmoja. Foleni ya magari ikafika kilometa nyingi, mawaziri na wabunge wakapanda njia ileile, na wapo waliokata roho garini kabla ya kukifikia kikombe. Wengine walirudi nyumbani wakaacha dawa za kufubaza virusi. Tunajua kitakachotokea mtu akiacha dawa hizo: katika wiki chache virusi hurudi kwa wingi katika damu, kinga huanza kuporomoka, na anaweza kumwambukiza mwenzi wake huku akiamini kwamba amepona. Hakukuwa na mtu aliyesimama penye njia ya kutokea Samunge akiwaambia wanaoondoka kwamba shukrani yao kwa Mungu haiwazuii kupima damu tena kabla ya kuacha chochote.

Hapa ndipo wakosoaji wa maombi hupata nguvu, na ni haki tuwasikilize katika hoja yao iliyo bora. Wanasema kwamba anayejisikia nafuu baada ya kuombewa huenda amepata nafuu ya hisia tu, kwa kuwa matumaini, muziki, umati na kuguswa hupunguza maumivu na hofu kwa muda bila kugusa uvimbe au sukari iliyo kwenye damu. Hilo ni kweli, na kila mchungaji anapaswa kulijua. Huongeza utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, ambamo wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo waligawanywa katika makundi, wengine wakiombewa na watu wasiowajua. Maombi hayo hayakupunguza matatizo ya baada ya upasuaji. Kwa hakika waliojua kwa yakini kwamba wanaombewa walipata matatizo zaidi, asilimia 59, wakati wale walioombewa bila kujua kwa yakini walikuwa asilimia 52. Sioni sababu ya Mkristo kuuogopa utafiti huo. Ulipima maombi ya wageni, kwa maneno yaliyopangwa, kwa watu ambao hawakuwahi kushikwa mkono na anayewaombea. Kama mtu angetaka kubuni maombi yaliyo mbali kabisa na yale ya waraka wa Yakobo, ambamo mgonjwa huwaita wazee wa kanisa lake wamwendee na watu kuungamiana dhambi ndipo waombeane, asingeweza kubuni yaliyo mbali zaidi.

Upo utafiti wa namna nyingine ambao wakosoaji huutaja mara chache. Mwaka 2016 watafiti wa Harvard walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 74,000 wa Marekani kwa miaka 16, na wakaona kwamba waliokwenda ibadani zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na uwezekano wa kufa uliopungua kwa asilimia 33 wakilinganishwa na wasiokwenda kabisa. Utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi chanzo kama jaribio la dawa linavyothibitisha, na sitaki kuufanyia ibada. Lakini sehemu ya maelezo waliyoyapata inapatana na yale tunayoyajua kutoka Gahini: kuvuta sigara kidogo, huzuni kidogo, na watu wa kukusaidia. Mwili unapata faida pale mtu anaposhikwa na wengine. Basi tofauti kati ya ushirika unaomshika mtu na umati unaomzunguka mhubiri ndiyo hasa tofauti tuliyopaswa kuijadili tangu mwanzo.

Kati ya hoja zote zinazotolewa, ile iliyo dhaifu kuliko zote inatoka upande wetu waumini. Ni ile isemayo kwamba kumeza dawa baada ya kuombewa ni kukosa imani, na kwamba daktari ni mpango wa pili wa Mungu kwa watu wa daraja la pili. Hoja hii haina mguu wa kusimamia katika Maandiko inayodai kuyatetea. Nabii Isaya aliamuru mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia, baada ya Mungu kwisha kuahidi kwamba atapona. Paulo, ambaye Matendo ya Mitume yanasema nguo zake ziliponya wagonjwa, alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, akamwacha Trofimo mgonjwa huko Mileto, na akamwita Luka tabibu mpendwa bila kumtaka atubu utabibu wake. Hata mwiba wake mwenyewe haukuondolewa, ingawa aliomba mara tatu. Anayesema kwamba imani kamili haiachi ugonjwa wowote atalazimika kumfukuza Paulo kanisani kwanza.

Na kuna habari ya wakoma kumi katika Injili ya Luka, ambayo nashangaa jinsi tunavyoihubiri kwa ajili ya shukrani peke yake. Yesu aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani. Katika sheria ya Musa kuhani ndiye aliyekuwa na kazi ya kukagua ngozi na kutangaza kwamba mtu ni safi, hivyo Yesu alipeleka kazi yake mwenyewe ikakaguliwe na mamlaka iliyotambuliwa, iliyokuwa nje ya kundi lake na isiyompenda sana. Hakuwapandisha jukwaani. Katika ibada za maombezi nilizohudhuria sijawahi kuona mtu aliyetangaza kupona ukimwi akiambiwa arudi baada ya kipimo, na ninaamini kwamba kukosekana kwa sentensi hiyo moja kumegharimu maisha ya watu wengi kuliko mafundisho potofu yaliyo wazi.

Kutoka upande wa pili kuna wanaotaka serikali ipige marufuku maombi ya uponyaji moja kwa moja. Hoja yao ina uzito wa maiti nyuma yake, na siidharau. Jioni moja ya Februari mwaka 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiwania kupita juu ya mafuta ya upako katika uwanja wa Majengo, katika mji uleule wenye hospitali ya KCMC ambayo makanisa yaliijenga kwa jasho la miaka mingi. Hata hivyo marufuku imekwisha kujaribiwa katika eneo letu, na kwa ukatili kuliko serikali yoyote ya leo ingethubutu. Mwaka 1921 Simon Kimbangu alianza kuwaombea wagonjwa huko Nkamba, katika Kongo ya Wabelgiji. Ndani ya miezi michache alikamatwa, akahukumiwa, akafungwa hadi alipofia gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Wafuasi wake walihamishwa makwao. Matokeo yake ni moja ya makanisa makubwa kuliko yote yaliyozaliwa Afrika. Watu walikwenda Nkamba kwa sababu walikuwa wagonjwa, walikuwa wanyonge, na tiba ya mkoloni mara nyingi iliwajia pamoja na amri. Anayeishi leo katika kijiji ambacho zahanati haina dawa na rufaa inamtaka auze ng'ombe hawezi kuzuiwa kwa tangazo asimtafute anayemwambia kwamba Mungu anamwona.

Kwa hiyo naona sheria ingefanya vema kuacha kupima shahada na kuanza kupima matendo. Kumwamuru au kumshawishi mgonjwa aache tiba aliyoandikiwa, hasa mtoto au mtu aliye chini ya uangalizi wa kanisa, liwe kosa lenye adhabu, lifanywe na askofu au na mtu asiyejua kusoma. Kutangaza redioni au mtandaoni kwamba mtu fulani amepona ugonjwa unaoweza kupimwa, bila ridhaa yake na bila kipimo, lizuiwe kama tunavyozuia tangazo la dawa isiyosajiliwa. Kuuza maji, mafuta au udongo kwa ahadi ya kuponya kuhesabiwe kuwa biashara na kusimamiwe kama biashara. Jambo la muhimu kuliko yote ni kwamba mahali popote ambapo waumini wanawekwa makambini mbali na ndugu zao, viongozi wa mtaa na wahudumu wa afya wa jamii wawe na haki ya kuingia. Hakuna hata moja kati ya haya linalomgusa mchungaji anayemwombea muumini wake kitandani.

Lakini sehemu kubwa ya kazi haiwezi kufanywa na serikali, na makanisa makongwe hayana haki ya kujificha nyuma ya makosa ya yale mapya. Watu wengi waliohamia kwenye mikutano ya miujiza walitoka katika sharika ambazo mgonjwa hutajwa dakika moja katika matangazo, kisha sadaka ikaendelea. Mwaka 1964, huko Tübingen nchini Ujerumani, madaktari na wanatheolojia wa misheni walikutana wakafikia hitimisho kwamba huduma ya uponyaji imekabidhiwa ushirika mzima wa waumini, na hospitali ni sehemu yake. Tulijenga hospitali, tukawaachia wataalamu, na ushirika ukabaki bila kazi. Nafasi iliyoachwa wazi ndiyo iliyojazwa na mwenye mafuta.

Kipimo kikali kuliko vyote ni yale yanayompata asiyepona. Katika mkutano wa miujiza hana mahali, kwa sababu uwepo wake unaharibu ushuhuda, na hivyo hurudi nyumbani kimyakimya na wiki inayofuata hakuna anayemtafuta. Katika mkoa uleule wa Arusha ambao Samunge imo, Hospitali ya Kilutheri ya Selian imekuwa kwa miaka mingi na huduma ya tiba shufaa inayowafuata majumbani wagonjwa wa saratani na ukimwi. Wanapewa dawa ya kutuliza maumivu, na wanapotaka, wanaombewa. Wale ambao ugonjwa wao hautaondoka hawaambiwi kwamba imani yao imeshindwa. Mchungaji anayetaka kujua kama uamsho umefika katika usharika wake anaweza kuanza na orodha ya watu wa aina hiyo katika mtaa wake, akauliza ni nani aliyewatembelea mwezi huu, na kama wana dawa zao.